Asiye na Makazi: Maana na Matumizi ya Maneno ya Kukosa Nyumba katika Kiswahili cha Arusha na Meru

1.0 Utangulizi

Kiswahili hakina nomino moja inayomtaja mtu aliyekosa mahali pa kuishi. Aliyefiwa na mume ni mjane, aliyefiwa na wazazi ni yatima, aliyekimbia nchi yake ni mkimbizi, asiye na mali ni fukara au maskini. Lakini mtu anayelala chini ya upenu wa duka mjini Arusha hana jina lake katika msamiati wa kawaida. Hutajwa kwa maelezo, na maelezo yaliyozoeleka katika maandishi rasmi ni *asiye na makazi*. Katika mazungumzo husikika *hana pa kulala*, *hana pa kukaa*, *analala nje*, na mara nyingine majina ya dharau ambayo yatajadiliwa baadaye.

Kukosekana kwa nomino si dalili ya umaskini wa lugha. Lugha huunda jina pale ambapo jamii imeona kundi la watu la kutajwa pamoja, na inawezekana kabisa kwamba katika jamii nyingi za wasemaji wa Kiswahili kundi hilo halikuwahi kuonekana kuwa moja. Hata hivyo, suala la jina limekuwa na uzito mpya. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno litakaloteuliwa kumtaja mtu huyu si la makala ya magazeti tu. Laweza kusomwa na hakimu kabla ya kutoa adhabu.

Makala haya yanachunguza maneno hayo kwa kuangalia eneo moja, yaani jiji la Arusha na miteremko ya Mlima Meru. Eneo hilo limechaguliwa kwa kuwa lina mambo mawili ambayo si rahisi kuyapata pamoja kwingineko: historia ya watu walioondolewa kwa nguvu katika ardhi yao na kulifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa, na mahakama ya kimataifa ambayo imetoa maoni juu ya majina yenyewe wanayopewa watu wasio na pa kukaa.

2.0 Kaa, makao na makazi

Maneno *makao* na *makazi* yote yanatokana na kitenzi *kaa*. Katika lugha za Kibantu zilizo jirani kitenzi hiki bado kina konsonanti katikati: Wakamba husema *-ikala* na Wakikuyu *-ikara*. Kiswahili kimeidondosha konsonanti hiyo, lakini alama yake haikupotea. Panapoambishwa kiambishi tamati *-i* cha kuundia nomino za watendaji, /l/ ya kale hugeuka kuwa /z/, na ndivyo tunavyopata *mkazi*. Mabadiliko hayohayo yanaonekana katika *zaa*: mtendaji ni *mzazi*, hali ni *uzazi*, na kinachotokana na tendo ni *mazao*. Kwa ulinganifu huo, *makao* yamo upande wa *mazao*, na *makazi* yamo upande wa *mzazi*. Zanzibar hutamkwa na kuandikwa *makaazi* na *mkaazi*, kama ilivyo katika kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi.

Tofauti hii ya kimofolojia haikubaki bure. *Makao* huelekea kutaja mahali ambapo mtu au kitu kimewekwa kikatulia. *Makazi* huelekea kutaja hali ya mtu kuwa mkazi, pamoja na majengo na eneo linalomwezesha kuwa hivyo. Ndiyo maana ofisi huwa na *makao makuu* wala haziwi na *makazi makuu*. Katika jiji la Arusha neno *makao* limezoeleka sana kwa maana hii: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapo tangu ilipoanza upya mwaka 2000, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapo tangu 2007. Mwananchi wa kawaida, kwa upande wake, huhesabiwa katika *Sensa ya Watu na Makazi*. Kwa sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu 416,442, na kwa ile ya 2022 watu 617,631. Katika sensa hizo kipimo kikuu ni kaya, yaani watu wanaoishi na kula pamoja. Wale waliolala nje ya kaya usiku wa kuhesabiwa, wakiwamo wasafiri, wagonjwa waliolazwa na watu wanaolala mitaani, huhesabiwa kwa utaratibu wa pekee. Msafiri na mtu asiye na pa kulala hukutana hapo kwa usiku mmoja.

Matumizi ya taasisi za ustawi wa jamii nayo yanafaa kuangaliwa. Mahali panapolelewa watoto wasio na wazazi huitwa *makao ya watoto*, na mahali pa kutunzia wazee wasiojiweza huitwa kwa kawaida *makazi ya wazee*. Si rahisi kuamini kuwa mgawanyo huu ulipangwa na mtu yeyote. Lakini unalingana na maana zilizoelezwa hapo juu: mtoto amewekwa pale kwa muda, mzee amekuwa mkazi wa pale.

Maneno mengine mawili yapitiwe kwa ufupi. *Malazi*, kutoka *lala*, yamo katika orodha ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi hukariri: chakula, mavazi na malazi. Arusha, kwa kuwa ni mji wa watalii, *malazi* yamekuwa zaidi kitu cha kununuliwa kwa usiku. *Asiye na malazi* anaweza kuwa mgeni ambaye hajapata chumba hotelini. *Maskani* ni neno la Kiarabu kutoka mzizi s-k-n wenye maana ya kutulia na kukaa. Wanakamusi wa Kiarabu waliliweka neno *maskini* chini ya mzizi huohuo, na pametokea watu wakasema kwamba maskini ni mtu aliyekosa maskani. Maelezo hayo yanapendeza lakini hayana msingi wa kihistoria: *maskini* liliingia Kiarabu kupitia Kiaramu na asili yake ni Kiakadi. Tena *maskani* yenyewe, Zanzibar hasa, leo ni mahali pa kukutania vijana au wanachama wa chama cha siasa. Na mtu aweza kuwa na maskani bila ya kuwa na nyumba.

3.0 Hana nyumba, hana kwake, hana kwao

Ingetazamiwa kwamba njia nyepesi ya kumtaja mtu huyu ingekuwa *asiye na nyumba*. Haiwezekani, kwa sababu maneno hayo yameshachukuliwa. Tuangalie sentensi hizi:

(1) Nimefanya kazi miaka ishirini lakini sina nyumba.
(2) Kijana yule hana pa kulala.

Msemaji wa (1) anaweza kuwa mwalimu au karani aliyepanga vyumba viwili Sombetini au Sakina, mwenye vitanda, makabati na jiko. Anachosema ni kwamba hajajenga. Katika Kiswahili cha Tanzania *kuwa na nyumba* ni kumiliki, na kinyume chake ni kupanga. Jamii ya mjini imegawanyika kati ya *wenye nyumba* na *wapangaji*, na mgawanyiko huo una historia ya kisiasa iliyopitia Arusha yenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na sheria ya mwaka 1971 ikayatwaa majengo ya kupangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba hadi shughuli zake zilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa kipindi kile, kuwa na nyumba nyingi kulikuwa karibu na kosa. Kuwa bila nyumba hakukuwa aibu hata kidogo, mradi mtu ana pa kupanga.

Lugha inapotaka kutaja mahali pa mtu bila kugusa umiliki, hutumia kimilikishi cha mahali. Hapa Kiswahili kina tofauti ambayo wanasarufi wameieleza mara chache:

(3) Amekwenda kwake.
(4) Amekwenda kwao.

Katika (3) mtu amekwenda mahali anapoishi yeye, hata kama ni chumba cha kupanga Ngarenaro. Katika (4) mtu huyohuyo amekwenda mahali pa ukoo wake, pengine Poli au Nkoaranga, walipo wazazi na walipozikwa babu zake. Mwenye kutajwa ni mmoja katika sentensi zote mbili, lakini (4) inatumia kimilikishi cha wingi. Ndivyo ilivyo pia kwa nafsi nyingine: mtu humkaribisha mwenzake *kwangu*, lakini akiulizwa asili yake husema *kwetu*. Swali *Kwenu wapi?* huulizwa mtu mmoja. Wingi huu si wa heshima. Ni wa ukoo. Mtu peke yake hawezi kuwa na *kwao*, kwa sababu *kwao* ni mahali pa kundi ambalo yeye ni sehemu yake.

Kwa hiyo ukanushi nao una ngazi. *Hana pa kulala* ni tatizo la usiku. *Hana kwake* ni hali ya kijana ambaye bado yuko kwa wazazi au amejishikiza kwa rafiki. *Hana kwao* ni jambo zito, karibu na tusi, kwa kuwa linamtoa mtu katika jamii ya watu wenye asili. Methali isemayo *Mkataa kwao ni mtumwa* inalionyesha hilo: kinyume cha kuwa na kwao hakikuwa kulala nje, kilikuwa utumwa. Mtumwa alilala ndani ya nyumba, wakati mwingine nyumba kubwa ya mawe, lakini hakuwa na kwao.

Mlimani Meru jambo hili linashikana na ardhi. Wameru, kama jirani zao Wachaga, huita shamba la ukoo lenye migomba na kahawa *kihamba*, na neno hilo limeingia katika Kiswahili cha eneo hilo kwa wingi wake wa *vihamba*. Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa, huwa na *enkang*, na kwa Kiswahili huitafsiri *boma*. Neno *boma* katika eneo hili lina maana mbili zilizosimama mbali: ni makao ya familia yaliyozungushiwa uzio, na ni ngome ya serikali, kama ile iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa utawala wao na ambayo mji wa Arusha ulikua kuizunguka. Mtu anayesema *anakwenda bomani* hutegemea muktadha aeleweke kama anakwenda kwa wazazi au kwa mkuu wa wilaya.

Ulinganisho wa *kwake* na *kwao* unaficha pia jambo moja ambalo halipasi kupitwa. Mwanamke aliyeolewa ana *kwake* kwa mumewe na *kwao* kwa wazazi. Akiachwa au akifiwa na kuondolewa katika kihamba cha mume, watu husema *amerudi kwao*, na kwa maneno hayo suala linahesabiwa kuwa limekwisha. Lakini kwao, kihamba kimeshagawiwa kaka zake, na nyumba anayorudi ni ya wifi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sarufi ya *kwao* haikubadilika kwa sheria hiyo. Mwanamke huyu hataitwa *asiye na makazi* na mtu yeyote, kwa kuwa lugha inashikilia kwamba anayo. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba takwimu zozote zinazotegemea jibu la swali *Je, una kwenu?* zitamkosa.

4.0 Ngare Nanyuki: kuhama na kuhamishwa

Mwezi wa Novemba na Desemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika eneo la Ngare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili ardhi hiyo igawiwe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Uamuzi huo ulitokana na ripoti ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaondolewa. Jina la mahali lenyewe ni la Kimaa na lina maana ya maji mekundu, kama vile Ngarenaro ya mjini ilivyo maji meusi. Wakazi wa pande zote mbili hutumia majina hayo bila kufikiria tena maana zake.

Serikali iliwatengea waliohamishwa eneo la Kingori, kusini mashariki ya mlima. Wengi wao walikataa, wakaenda kujibana kwa ndugu zao katika vihamba vya mlimani ambavyo tayari vilikuwa vidogo. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mwanasheria wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Azimio la kuwaunga mkono lilipita katika Kamati ya Nne lakini halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Wawili hao baadaye waliandika kitabu juu ya shauri hilo, *The Meru Land Case*, kilichotolewa Nairobi mwaka 1967.

Watu hawa waitweje? Kama *asiye na makazi* ni yule ambaye hana paa usiku, basi hawakuwa hivyo kwa muda mrefu, maana ndugu waliwapokea. Kama ni yule aliyepoteza mahali pa kuwa mkazi, walikuwa hivyo wote. Lakini tatizo kubwa zaidi liko katika sarufi. Kirejeshi kikanushi cha *-si-* hakipokei kiambishi cha wakati. Husemwa *aliyekosa, anayekosa, atakayekosa*. Lakini *asiye na* ni moja tu, haina jana wala leo. Kirai *wasio na makazi* kinaieleza hali kama sifa ya kudumu ya mtu, sawa na *asiyeona* au *asiyesikia*. Hakisemi lini makazi yalikosekana, wala hakina nafasi ya kumtaja aliyeyaondoa.

Kwa Wameru wa 1951 hiyo ni hasara kubwa ya maana, maana shauri lao lote lilihusu nani aliwaondoa na kwa haki gani. Kauli ya kutendwa, *waliohamishwa*, inahifadhi wakati na inaacha mlango wazi kwa mtenda: *waliohamishwa na serikali*. *Walionyang'anywa ardhi* inasema zaidi. Kiswahili cha Kanisa kilikuwa na neno jingine lililofahamika sana mlimani, ambako Walutheri walikuwa wamefundisha tangu 1902: *uhamisho*, linalotumika katika Biblia kwa watu waliochukuliwa Babeli. Leo neno hilohilo katika ofisi za serikali lina maana ya mtumishi kubadilishwa kituo cha kazi, na uchungu wake wa kale umebaki kanisani peke yake.

Ulinganisho na miaka ya 1973 hadi 1976 unafaa. Katika Operesheni Vijiji maneno ya serikali yalikuwa *kuhamia vijijini*. Kauli ni ya kutendea, mtenda ni mwananchi mwenyewe, na lengo limetajwa. Wapo waliohamia kwa hiari na wapo waliosombwa kwa malori. Kitenzi *hamia* hakiwatofautishi. Katika miji ya leo neno linalotawala ni *bomoabomoa*, nomino iliyoundwa kwa kurudufu kitenzi. Urudufu katika Kiswahili huonyesha tendo linalojirudia, nayo nomino hii inaifanya operesheni ionekane kama msimu, mfano wa masika, isiyohitaji mtenda. Mwenye nyumba husema *nimepigwa X*, kwa alama nyekundu inayochorwa ukutani, na hapo nyumba na mwenyewe huwa kitu kimoja. Mitaa inayopatwa na jambo hili huitwa *makazi holela*. Ni istilahi ya wapimaji wa ardhi yenye maana ya makazi yasiyopangwa, lakini *holela* katika lugha ya kawaida ni sifa ya tabia, na haichukui muda kabla haijahamia kwa wakazi.

5.0 Mtaa na watoto wake

Kwa watoto, maneno yaliyoenea ni *watoto wa mitaani* na *chokoraa*. La pili linatumika zaidi Kenya na linasikika Arusha. Linafungamana na kitenzi *chokora*, yaani kuchimbua kwa kitu chenye ncha, kama afanyavyo mtu anayetafuta kitu jalalani. Linamtaja mtoto kwa kazi ya mikono yake mbele ya takataka, na hakuna haja ya kulijadili kwa kirefu ili kuona kuwa halifai katika maandishi rasmi.

*Mtoto wa mitaani* lina tatizo la aina nyingine. Mtaa ni sehemu ya kawaida kabisa ya mji. Una mwenyekiti, ofisi na mhuri. Barua ya utambulisho hutoka kwake. Kila mtoto wa mjini ni mtoto wa mtaa fulani, awe wa Kaloleni, Levolosi au Unga Limited. Kirai hiki kimegeuza *-a* unganifu ya mahali kuwa ya asili: mtaa umewekwa mahali pa mzazi. Maofisa wa ustawi wa jamii wamekuwa wakitumia *watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani*. Ni kirefu na kinachosha ulimi, lakini kina vitenzi viwili vyenye wakati, na wakati ukiwapo mtoto aweza kutoka.

6.0 Kukosa na kukosea

Kitenzi *kosa* kina maana mbili ambazo kila msemaji anazifahamu: kutokuwa na kitu au kutokipata, na kufanya jambo lisilo sawa. Nomino *ukosefu* imekwenda upande wa kwanza, *kosa* na *mkosaji* zimekwenda upande wa pili. *Ukosefu wa makazi* hauna lawama ndani yake. Lakini mwenye ukosefu huo hawezi kuitwa *mkosaji wa makazi*, na hata *mkosa makazi*, ambalo kimuundo ni sahihi kabisa, linasikika kama shitaka. Bila shaka hii ndiyo sababu mojawapo ya lugha kukwepa nomino na kubaki na kirai.

Sheria haikukwepa. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, ambazo asili yake ni sheria ya kikoloni ya mwaka 1945, ziliweka katika vifungu vya 176 na 177 makosa yaliyonakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Sheria ile ya Kiingereza ilitungwa baada ya vita vya Napoleon, wakati barabara zilipojaa askari walioachishwa kazi, na ilitaja wazi kulala ghalani, katika jengo lisilo na watu, au mahali pa wazi. Sheria ya Tanganyika haikuchukua maneno ya kulala nje. Ilichukua kuombaomba hadharani, kushukiwa bila kuwa na njia ya kujikimu inayoonekana, na kukutwa ukizunguka pasipo maelezo ya kuridhisha. Katika Kiswahili cha polisi na cha mahakama za mwanzo mambo hayo yote yaliingia chini ya neno moja: *uzururaji*.

*Zurura* ni kutembea bila shughuli maalumu. Kama kitenzi cha kawaida ni chepesi. Mama humkaripia mtoto aliyechelewa kurudi kwa kumwuliza alikuwa anazurura wapi. Kilichokibadilisha ni *mzururaji* kuwa jina la kundi. Mwaka 1983, chini ya sheria ya Nguvu Kazi, watu waliokutwa mijini bila kazi iliyotambuliwa walikamatwa na kupelekwa mashambani, na maneno yaliyotumika yalikuwa *kurudishwa makwao*. Hapa hoja ya sehemu ya 3.0 inarudi kwa nguvu ya dola. Operesheni ilichukulia kwamba kila mtu ana *kwao*, kwamba *kwao* ni kijijini, na kwamba mji hauwezi kuwa kwao mtu. Aliyezaliwa Ngarenaro kwa wazazi wapangaji hakuwa na jibu la swali hilo.

Mwaka 2018 Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ambao makao yake yako Arusha, uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu itoe maoni juu ya sheria za aina hii. Maoni yalitolewa tarehe 4 Desemba 2020. Mahakama iliona kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Kwa mwanaisimu, sehemu yenye kuvutia zaidi ni ile ambapo majaji hawakuishia kwenye kukamatwa na kuhamishwa kwa nguvu, bali waliyataja majina yenyewe wanayobandikwa watu, wakaona kuwa yanashusha utu. Si mara nyingi mahakama huamua juu ya msamiati. Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu, lakini yametoka katika mji uleule ambao neno *mzururaji* husikika kila siku stendi na sokoni.

Mfasiri wa sheria anayekutana leo na vifungu hivyo ana njia chache. Akiandika *mzururaji*, ameyaingiza katika Kiswahili cha sheria yale ambayo Mahakama iliyakataa, na ameyapa uhai mpya katika lugha ambayo mshitakiwa anaielewa vizuri kuliko Kiingereza. Akiandika *mtu asiye na makazi*, amekosea zaidi, ingawa neno linasikika la adabu: vifungu havisemi juu ya makazi, na tafsiri hiyo ingefanya kulala nje kuwe kosa ambalo hata mkoloni wa 1945 hakuliandika. Njia iliyobaki ni kutaja tendo peke yake, kwa kitenzi, kila tendo mahali pake, na kuacha jina la mtendaji: *mtu yeyote atakayekutwa akiomba hadharani*, na kadhalika. Kifungu kitarefuka. Kitaonekana pia wazi jinsi matendo yenyewe yalivyo madogo, na pengine hapo ndipo Bunge litakapokuwa na kazi.

Kwa matumizi yasiyo ya kisheria, *asiye na makazi* linafaa kubaki pale ambapo hali yenyewe ndiyo inayozungumzwa, kama katika sensa na mipango ya miji. Linapotajwa tukio, kama la Ngare Nanyuki au la bomoabomoa, lipishe *aliyehamishwa*, *aliyebomolewa* au *aliyenyang'anywa*, pamoja na jina la aliyetenda. Na kwa mjane aliyerudi kwao na kukuta mlango wa wifi umefungwa, Kiswahili bado kinasubiri neno. *Makazi* hayamgusi, na *kwao* linamficha.